Askari wa Sentimita Mbili na Nusu

Leo sitaandika kuhusu programu. Wale mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata mtanisamehe, nitaimalizia wiki ijayo. Leo nataka kukiri jambo ambalo wenzangu wa ofisini wamelijua kwa bahati mbaya tu, baada ya mmoja wao kuniuliza mbona nina rangi ya kijani kwenye kucha.

Mimi hupaka rangi wanajeshi wa kuchezea.

Ndiyo, wale wadogo. Mtu mzima, mwenye mke, watoto wawili na mkopo wa SACCO, naketi mezani Jumamosi usiku na brashi nyembamba kama kijiti cha kiberiti kilichochongwa, nikimpaka mshipi mwanajeshi wa plastiki mwenye urefu wa milimita 24. Wageni wakija, mke wangu huniita "Jenerali". Watoto nimewakataza kuwagusa, jambo ambalo naona aibu hata kuliandika, maana hivi ni vitu vya kuchezea.

Nilivyoanza

Nilianza mwaka ule ambao nusura niache kazi hii ya kuandika programu. Tulikuwa tumejenga mfumo wa mteja mmoja kwa miezi minane. Tulikesha, tukala chipsi baridi, tukagombana juu ya majina ya vigezo. Kisha ikaja barua pepe ya mistari mitatu: mradi umesimamishwa, asanteni. Siku iliyofuata seva ilizimwa. Miezi minane ya maisha yangu, na sikuwa na kitu hata kimoja cha kumwonyesha mama yangu nikamwambia, "Hiki nilikitengeneza mimi."

Wiki hiyo hiyo rafiki yangu aliyekuwa akihama nyumba alinipa boksi ambalo alirudi nalo kutoka masomoni Uingereza na hakuwahi kulifungua. Ndani mlikuwa na wanajeshi arobaini na kitu wa plastiki ya kijivu, bado wameshikana kwenye fremu zao kama ndizi kwenye chane. Nikamkata mmoja kwa kisu. Nikanunua rangi za akriliki za watoto wa shule na brashi moja. Nikaanza.

Alitoka mbaya kweli kweli. Macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyeona bili ya stima. Lakini alikuwa amekwisha. Wenzangu wa fani hii mtanielewa. Programu haiishi. Ukifunga tundu moja yanazuka mawili, ukimaliza toleo moja mteja ameshaomba lingine. Huyu mtu mdogo alikuwa amekwisha, amesimama juu ya kabati, na hakuna barua pepe ambayo ingemzima.

Bado ninaye. Naye ndiye mkubwa wa jeshi lote.

Mchezo wa watu wazima tangu zamani

Nilipoanza kusoma juu ya jambo hili nilishangaa kuona si upuuzi wangu peke yangu. Mwaka 1826 kasisi mmoja wa Uingereza, Patrick Brontë, alimletea mwanawe Branwell boksi la wanajeshi kumi na wawili wa mbao. Watoto wale wakawapa majina, wakawatungia nchi nzima, wakaandika habari zake katika vijitabu vidogo vyenye maandishi ya kuumiza macho. Charlotte, yule aliyekuja kuandika Jane Eyre, alikuwa mmoja wao. Na kichekesho ni kwamba nchi hiyo ya kubuni waliiweka Afrika Magharibi, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga.

Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ikaleta njia mpya. Badala ya kumimina risasi (ile metali, si ya bunduki) na kuiacha igande yote, waliimimina kwenye kalibu, ngozi ya nje ikishaganda wakaimwaga iliyobaki. Mwanajeshi akatoka mtupu ndani, mwepesi na wa bei nafuu. Ni kama kubana faili: umbo lile lile, uzito kidogo. Mwaka 1966 Britains waliacha kuwatengeneza kwa risasi, maana ni sumu, na plastiki ilikuwa imeshashika soko. Ukikuta wale wa zamani wa risasi, usimpe mtoto, na nawa mikono ukishawashika.

Naye H. G. Wells, mwandishi wa hadithi za sayansi, alichapisha mwaka 1913 kitabu cha kanuni za kupigana vita sakafuni kwa kutumia wanajeshi hawa na mizinga midogo ya springi. Kitabu kinaitwa Little Wars. Hoja yake ni kwamba vita vya sakafuni ni afadhali mara elfu kuliko vile vya kweli. Mwaka mmoja baadaye, 1914, vya kweli vikaanza, na vikafika mpaka kwetu Taita. Hilo nitalirudia.

Kazi yenyewe

Kwa wale wanaotaka kujua jinsi inavyofanyika, iko hivi.

Kwanza unamwosha kwa maji ya sabuni, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu na rangi haitashika. Akikauka unamgundisha juu ya kifuniko cha soda ili upate pa kushikia. Kisha unampulizia rangi ya msingi ya kopo, nje, siku isiyo na mvua wala upepo. (Nilipulizia ndani mara moja. Sitaki kulizungumzia.)

Halafu unapaka rangi kuu: nguo, ngozi, buti, bunduki. Rangi iwe nyepesi, mikono miwili ya rangi nyepesi ni bora kuliko mmoja mzito unaofunika vifungo na mikunjo. Baada ya hapo unachukua rangi ya kahawia iliyokorogwa na maji mpaka iwe kama strungi, unamwogesha nayo mwili mzima. Inakimbilia mashimoni na kwenye mikunjo, na ghafla unaona mtu ana mbavu, ana makwapa, shati lake lina kola. Hii ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote. Dakika mbili zilizopita ulikuwa na plastiki, sasa una mtu.

Mwisho unachovya brashi, unaifuta karibu yote kwenye kitambaa, unampitisha juu juu ili sehemu zilizotokeza zing'ae kidogo. Macho, kama una ujasiri. Vanishi isiyong'aa. Kitako unakipaka gundi nyeupe ya mbao na kukinyunyizia mchanga. Mimi hutumia udongo mwekundu niliochota Voi, uliochekechwa kwa chujio la chai ambalo mke wangu bado analitafuta.

Hakuna Ctrl+Z. Mkono ukitikisika, umetikisika. Unangoja ikauke, unafunika, unaanza tena. Simu iko chumba kingine, kwa sababu huwezi kushika simu na brashi pamoja. Kwa saa mbili hakuna anayenitaka, na kosa kubwa kabisa ninaloweza kulifanya lina upana wa milimita moja.

Rangi ya ngozi

Hapa ndipo nilipokwama mara ya kwanza. Miongozo niliyosoma ilisema "rangi ya ngozi", na nilipoifungua chupa niliyoletewa, ilikuwa ya waridi. Ngozi ya nani?

Nikajaribu kahawia ya chupa, kisha nikaongeza nyeupe kidogo kwa sehemu zinazong'aa, kama mwongozo ulivyosema. Wakatoka wamepauka kama watu waliokosa mafuta ya kujipaka. Ilinichukua wiki kadhaa na kioo cha bafuni kugundua kosa. Ngozi yetu haing'ai kuelekea nyeupe. Inaelekea nyekundu na dhahabu. Sasa naanza na kahawia iliyokolea yenye tone la nyekundu, kivuli naweka kahawia iliyochanganywa na buluu, na kwa paji la uso, mashavu, pua na vifundo vya vidole nachanganya kahawia na rangi ya udongo. Nyeupe haiingii kabisa ila kwenye macho. Na hawafanani. Mmoja mweusi ti, mwingine maji ya kunde, kama kwenye foleni yoyote ya matatu.

Mnaweza kukisia nilikuwa nampaka nani.

Babu

Babu yangu alikuwa Keya, kama wazee walivyoiita King's African Rifles. Alikwenda Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Alama yao ilikuwa kichwa cha kifaru. Divisheni hiyo ilipelekwa Ceylon mwaka 1943, na mwaka 1944 ikasukuma Wajapani kuteremka Bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko, mvua juu na matope chini, malaria kila mahali, chakula kikidondoshwa na ndege kwa sababu malori yalizama. Desemba 1944 wakaufikia mji wa Kalewa, kando ya mto Chindwin.

Haya nimeyajua vitabuni. Babu mwenyewe alifariki nikiwa darasa la tatu, na ninachokikumbuka ni kofia yake ya ukingo mpana ikining'inia nyuma ya mlango. Sikuwahi kumwuliza lolote.

Basi nikatafuta boksi la wanajeshi wa jeshi lile la Burma, waliovaa kofia kama ile. Nyuso zilichongwa za Wazungu, lakini kwa kimo hiki pua ni nukta moja, na kisu na rangi hurekebisha mengi. Nilipaka kumi na wawili. Nguo za kijani cha msituni, mishipi iliyochafuka, matope mpaka magotini. Kifaru nilikichora begani kwa ncha ya sindano. Ukitazama kwa jicho la kawaida ni doa. Kazi ya miezi minne. Mmoja wao, aliyepiga goti na bunduki begani akilenga shabaha, nikaamua ndiye Babu.

Disemba nikawachukua nyumbani Taita kwenye boksi la viatu, wamefungwa kwa pamba. Nikampelekea shangazi, dada mkubwa wa baba yangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Hilo boksi umeniletea viatu?"

Nikamfungulia. Akavaa miwani, akawatoa mmoja mmoja na kuwapanga juu ya meza ya chai. Hakucheka, nami nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Akatazama kwa muda mrefu.

"Na baba yangu ni yupi hapa?"

Nikamwonyesha yule mwenye goti. Akamwinua, akamgeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akamrudisha chini taratibu.

"Huyu siye," akasema. "Huyu anapiga watu. Baba alikuwa anabeba watu. Hukuambiwa? Alikuwa mbeba machela."

Sikuambiwa. Miaka yote ile nilimwita mpiganaji, shuleni niliandika insha, ofisini nilijigamba. Hakuna aliyenisahihisha kwa sababu hakuna aliyejua kwamba sijui.

Shangazi akanieleza kitu kingine. Zamani barabara haikufika kwetu mlimani, na mgonjwa akizidiwa alibebwa kitandani mpaka barabarani. Babu ndiye aliyeitwa, hata alipozeeka, si kubeba bali kusimamia. Vijana walipoanza kutembea kwa hatua moja, kushoto kulia kama gwaride, aliwafokea: "Mgonjwa si gwaride!" Wa mbele akianza na kushoto, wa nyuma aanze na kulia. Mkienda hatua moja, kitanda kinabembea na mgonjwa anaumia. Hatua zikipishana, kinatulia.

Nilikagua baadaye. Ndivyo wabeba machela wanavyofunzwa jeshini.

Faili lenye kosa

Nilirudi Nairobi na tatizo. Boksi langu halikuwa na mbeba machela. Nilikuwa na afisa anayenyoosha kidole, wa bunduki ya rashasha, wa kurusha bomu, na wapiga goti wanne. Jeshi zima la watu wanaoua, na hakuna hata mmoja wa kumwokota aliyeanguka.

Hapo ndipo kazi yangu ya mchana iliposaidia ya usiku. Programu ya Blender ni ya bure, na mtu yeyote mwenye kompyuta ya wastani na subira anaweza kuchonga nayo umbo. Nilichonga mtu mmoja mwenye mikono iliyoshuka, ngumi zimekaza. Kisha machela, mipini yake miwili, na mtu aliyelala chini ya blanketi. Rafiki mmoja ana printa ya 3D ya utomvu, ile inayogandisha kimiminika kwa mwanga tabaka kwa tabaka, kila moja likiwa na unene wa milimita 0.05. (Vaa glavu. Utomvu huo kabla haujaganda ni sumu kwa ngozi.) Ukitoka unauosha kwa spiriti, unaumulika kwa taa ya urujuanimno, tayari.

Nilivipaka nusu kabla ya kuona. Mtu wa nyuma nilikuwa nimemnakili kutoka kwa wa mbele. Nakili, bandika, badilisha kichwa, kama tunavyofanya sote saa nane za usiku. Wote wawili walikuwa wametanguliza mguu wa kushoto. Machela yangu yalikuwa yanabembea.

Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angegundua. Mtumiaji halalamiki, mfumo haudondoki. Lakini nilikuwa namsikia mzee. Nikafungua faili, nikageuza nyonga za wa nyuma, nikatanguliza kulia, nikamchapisha upya, nikaanza kumpaka tangu mwanzo.

Katika majuma hayo nilipita Kenyatta Avenue asubuhi moja, nikasimama mbele ya zile sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwaka 1928 kukumbuka Waafrika wa vita vya kwanza. Nimezipita mara elfu. Wawili ni askari. Wa tatu ni mpagazi, hana bunduki. Wapagazi ndio waliokufa wengi kuliko wote katika kampeni ile ya Afrika Mashariki, kwa njaa, kuhara na malaria zaidi ya risasi. Hata hesabu za serikali ya kikoloni yenyewe zilipita watu 40,000. Jina lao limebaki Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam, tunapokwenda kununua viatu. Aliyechonga sanamu zile alikumbuka kumweka. Waliofungasha boksi langu hawakukumbuka, na mimi nilipopanga jeshi langu sikuona kama kuna aliyekosekana.

Watu huniuliza kama si vibaya kuchezea vita. Zamani nilikuwa na jibu refu lenye H. G. Wells ndani yake. Siku hizi nasema tu kwamba kabla ya kushika brashi sikujua babu yangu alifanya nini vitani. Huwezi kumpaka mtu bila kuuliza alivaa nini, alibeba nini, alisimama vipi. Na ukiuliza hivyo, ipo siku shangazi mmoja atakujibu.

Pasaka nikampelekea. Akawatazama wa mbele na wa nyuma, akatazama miguu. Akatikisa kichwa kwa kukubali, akacheka kwa mara ya kwanza. Kisha akaweka kidole juu ya yule aliyelala. Huyo nilimfunika blanketi la kijivu na uso nikampaka rangi moja tu, kwa haraka, nikijua nani atamtazama.

"Na huyu ni nani?"

"Sijui shangazi. Ni mgonjwa tu."

"Basi mpake vizuri na yeye," akasema. "Ana mama yake."

Ukitaka kuanza

Usinunue vitu vingi. Boksi moja la plastiki la kimo cha 1:72. Rangi sita: nyeusi, nyeupe, nyekundu, buluu, njano na kahawia, zinazobaki utachanganya. Brashi mbili nzuri, usiziache zimesimama kwenye maji. Kibakuli cha plastiki chenye kifuniko, ndani sponji iliyolowa na karatasi ya kuokea juu yake, na rangi yako haitakauka upesi. Taa. Vifuniko vya soda. Na kanuni moja niliyoivunja mara tatu: usinunue boksi jipya kabla ya kumaliza la zamani. Yanarundikana chini ya kitanda kama miradi yetu ile tuliyoianza Januari.

Sasa niwaache. Yule wa kwenye machela ameshapigwa kahawia ya kwanza na imekauka. Leo nampaka uso.